Mwanzo wa Jina: Jinsi Kompyuta Inavyolinda Majina Yaliyotengwa

Utangulizi

Katika Kiswahili mwanzo wa neno hubeba mzigo mkubwa. Msikilizaji anapoisikia m- ya "mkulima" au wa- ya "wakulima", hujua kama anayetajwa ni mmoja au ni wengi hata kabla ya kuufikia mzizi wa neno. Wanasarufi hukiita kipande hicho kiambishi awali. Tabia ya kutafuta maana katika mwanzo haikomei katika sarufi. Tunaikuta katika namba za magari, za simu na za ndege, na siku hizi tunaikuta katika majina ambayo watu hujichagulia wanapojiandikisha katika programu za kompyuta.

Makala haya yanaeleza kwa nini baadhi ya mianzo ya majina hutengwa, kompyuta huichunguza kwa njia gani, na madhara gani huweza kutokea uchunguzi huo ukifanywa kwa uzembe au kwa ukali uliopita kiasi. Mwishoni yapo mazoezi ambayo mwalimu anaweza kuyatumia darasani, hata pale ambapo kompyuta ni moja tu au hakuna kabisa.

Mianzo iliyotengwa katika maisha ya kila siku

Mtu akisimama kwenye njia panda ya Nanganga, mahali ambapo barabara ya Ruangwa na Nachingwea inaachana na ile iendayo Masasi, anaweza kuyatambua magari yanayopita bila ya kumwuliza dereva. Gari la mtu binafsi huwa na herufi T, kisha tarakimu tatu na herufi tatu. Gari la Serikali huanza na ST, la shirika la umma huanza na SU, la mradi unaogharimiwa na wafadhili huanza na DFP, na la polisi huanza na PT. Herufi hizo ni chache sana, lakini askari wa barabarani, mlinzi wa lango na mwananchi wa kawaida wote huziamini.

Hali kadhalika simu. Mitambo ya simu huzisoma tarakimu moja baada ya nyingine kuanzia ya kwanza. Mwanzo 023 huipeleka simu katika eneo la Lindi, Mtwara, Pwani na Morogoro. Namba 255 ikitanguliwa na alama ya kujumlisha huiambia dunia nzima kuwa anayetafutwa yuko Tanzania. Namba 112 ni ya dharura, na kwa ajili hiyo hakuna mteja anayeweza kupewa namba inayoanza na 112. Kama angepewa, mtambo ungepokea tarakimu tatu za kwanza ukaamua kwamba mpigaji anataka msaada wa dharura, na tarakimu zilizobaki zisingesomwa kamwe. Katika anga, ndege zilizosajiliwa Tanzania huandikwa 5H, za Kenya 5Y na za Uganda 5X, kwa mujibu wa mgawanyo wa kimataifa ambao kila nchi huuheshimu.

Mifano hiyo yote ina jambo moja linalofanana. Mwenye gari hajipangii namba. Hupewa na mamlaka husika. Mwenye simu hajitungii mwanzo wa namba yake. Kwa hiyo si rahisi kwa mtu binafsi kuuchukua mwanzo usio wake. Katika programu za kompyuta utaratibu umegeuzwa: mtumiaji mwenyewe ndiye hutunga jina lake. Hapo ndipo inapozuka haja ya kumweka mlinzi langoni.

Jina la mtumiaji na kazi yake

Jina la mtumiaji ni mfululizo wa herufi na tarakimu unaomtofautisha mtu mmoja na mwingine ndani ya programu. Pamoja na nywila, jina hilo humwezesha mtu kuingia. Tofauti na nywila, ambayo ni siri, jina la mtumiaji huonekana na watu wote anaowasiliana nao.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi wa sekondari moja jirani na Nanganga wametengeneza programu ya tovuti ili kuwasaidia wakulima wa korosho kupata habari za mnada na kuandikiana ujumbe na viongozi wa chama chao cha msingi cha ushirika. Jambo lenyewe si la mchezo. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za mikoa ya kusini zimeuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mazao yake kwenye chama, hupewa stakabadhi, na hulipwa baada ya mnada. Katika msimu wa 2024/2025 minada iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kati ya siku ya kupeleka mzigo na siku ya kulipwa, mkulima husubiri. Na mtu anayesubiri fedha zake huwa tayari kusoma ujumbe wowote unaozitaja.

Sasa tuseme mtu mwenye nia mbaya amejiandikisha katika programu hiyo kwa jina "chama-malipo". Programu haikumzuia. Anawaandikia wakulima mia mbili: "Malipo ya mnada yako tayari. Tuma nywila yako ili tuhakiki akaunti." Hakuvunja kufuli wala hakuiba ufunguo. Alichofanya ni kuvaa jina linaloanza na neno ambalo wakulima huliheshimu. Wananchi wengi wameshapokea kwenye simu zao ule ujumbe mashuhuri usemao kuwa ile pesa itumwe kwenye namba hii. Njia ni ile ile, isipokuwa kwamba jina lenye mwanzo wa heshima humwongezea tapeli nguvu.

Sababu mbili za kutenga

Mianzo ya majina hutengwa kwa sababu mbili, na ni muhimu kutozichanganya.

Sababu ya kwanza ni watu. Msomaji wa kibinadamu akiona "msimamizi-mkuu", "karani_1" au "admin.nanganga" hudhani kuwa mwenye jina hilo ana madaraka. Mianzo hiyo hutengwa ili madaraka yasiigizwe.

Sababu ya pili ni mashine. Programu nyingi hujitungia majina zenyewe. Yamkini programu yetu humpa mtu ambaye hajajiandikisha jina la muda: mgeni-1, mgeni-2, mgeni-3, na kuendelea. Iwapo mtumiaji ataruhusiwa kujiita "mgeni-57", basi siku mgeni wa hamsini na saba atakapofika, watu wawili watakuwa na jina moja, na barua za mmoja zitasomwa na mwingine. Katika intaneti kwa jumla upo mfano wa namna hiyo. Mwaka 2003 viwango vya kimataifa viliteua mwanzo "xn--" kuwa alama ya majina ya tovuti yaliyotungwa kwa herufi zisizo za kawaida ya kompyuta za zamani, kama vile za Kiarabu. Programu inayolifanya jina la mtumiaji kuwa sehemu ya anwani ya tovuti hapana budi ikatae jina linaloanza hivyo, kwa kuwa vivinjari vitalifasiri kwa maana nyingine kabisa.

Mkasa wa Finland

Huenda mwanafunzi akauliza kama hatari hii imewahi kutokea kwa watu wenye ujuzi na mali nyingi. Jibu ni ndiyo. Tangu mwaka 1982 kanuni za barua za kompyuta zilitaka kila kituo kitenge jina "postmaster", yaani msimamizi wa posta, na mwaka 1997 zikatolewa kanuni zilizoorodhesha majina mengine ya kazi, likiwamo "hostmaster". Baadaye mashirika yanayotoa vyeti vya usalama vya tovuti yalianza kuyategemea majina hayo. Mtu akiweza kupokea barua iliyotumwa kwa "hostmaster" wa tovuti fulani, shirika lilichukulia kuwa yeye ndiye mwenye tovuti.

Mwaka 2015 ilibainika kuwa mtu mmoja nchini Finland alikuwa ameweza kujipatia anwani ya "hostmaster" katika huduma ya barua ya kampuni ya Microsoft iliyokuwa wazi kwa kila mtu chini ya jina live.fi. Jina hilo lilipaswa kutengwa, lakini halikuwa limetengwa. Kwa anwani hiyo alipata cheti halali cha tovuti nzima ya live.fi. Cheti kama hicho, kikiwa mikononi mwa mhalifu, kingeweza kutumika kuigiza tovuti ile na kuwadanganya wateja wake. Mnamo Machi 2015 kampuni ililazimika kutoa tahadhari kwa dunia nzima, na cheti kikabatilishwa. Chanzo cha yote hayo kilikuwa neno moja lililokosekana katika orodha.

Hatua za uhakiki

Uhakiki wa jina hufuata hatua kwa mpangilio maalumu. Mpangilio wenyewe una umuhimu kama ulivyo katika hesabu: ukitangulia kujumlisha pale ulipotakiwa kuzidisha, jibu litakuwa jingine.

Hatua ya kwanza ni kulisanifu jina. Kwa jicho la mtu, "Chama", "CHAMA" na "chama" ni neno moja. Kwa kompyuta ni maneno matatu, kwa sababu ndani yake herufi ni namba: A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Kwa hiyo herufi zote hubadilishwa kuwa ndogo, na nafasi tupu za mwanzo na za mwisho huondolewa.

Hatua ya pili ni kukataa alama zisizoruhusiwa. Mpango wa Yunikodi, unaozipa namba herufi za lugha zote duniani, una herufi nyingi zinazofanana kwa sura. Herufi a ya Kirusi ni namba 1072, lakini kwa macho haitofautiki na a yetu ya 97. Tapeli akiandika "chama" kwa kutumia a za Kirusi, kompyuta haitaona neno lililotengwa, ilhali mkulima ataliona. Njia rahisi ni kuruhusu herufi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9, nukta, kistari na kistari cha chini tu, na kutaka kila jina lianze na herufi. Sharti hilo la mwisho huzuia hila ya kutanguliza kistari, kama katika "_chama".

Hapa wenyeji wa kusini wanaweza kulalamika kwa haki, kwa kuwa jina la mahali kama Narung'ombe lina alama ya king'ong'o. Alama hiyo nayo ina mashaka yake: iliyonyooka ni namba 39, iliyopinda ni namba 8217, na simu nyingi huibadilisha moja kuwa nyingine bila ya kumwuliza mwandishi. Ufumbuzi ni kuwa na majina mawili. Jina la mtumiaji liandikwe "narungombe", na jina la kuonyesha mbele ya watu liandikwe kwa ukamilifu wake kama mwenyewe apendavyo. Lakini jina la kuonyesha nalo hapana budi lihakikiwe, ama sivyo tapeli ataingilia mlango huo.

Hatua ya tatu ni kutengeneza nakala ya kulinganishia. Watu hutumia 0 badala ya o na 1 badala ya i, wakaandika "m0d" au "adm1n". Programu hutengeneza nakala ambamo tarakimu hizo zimegeuzwa kuwa herufi. Nakala ni ya kulinganishia tu. Jina linalohifadhiwa hubaki kama lilivyosanifiwa.

Hatua ya nne ni kulinganisha na orodha ya mianzo iliyotengwa, na hatua ya tano ni kuangalia kama jina limeshachukuliwa. Jina likipita hatua zote, huhifadhiwa. Likikataliwa, mtumiaji huambiwa kwa maneno ya staha: "Jina hili limetengwa. Tafadhali chagua jingine."

Kuhusu kusanifu, somo kubwa lilipatikana mwaka 2013 katika huduma ya muziki ya Spotify. Mtu aliweza kuandikisha jina "BIGBIRD" kwa herufi ndogo ndogo zilizonyanyuliwa juu ya mstari. Programu ililisanifu jina hilo mara ya kwanza ikapata BIGBIRD kwa herufi kubwa za kawaida, ikaona ni jina jipya. Alipoomba kubadili nywila, jina lilisanifiwa mara ya pili likawa "bigbird", ambalo lilikuwa jina la mtu mwingine. Nywila iliyobadilishwa ikawa ya yule mwingine. Kwa lugha ya hisabati, kama f ni kazi ya kusanifu na x ni jina, ni lazima f(f(x)) iwe sawa na f(x). Kusanifu mara ya pili kusibadilishe chochote. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulipima sharti hilo kwa kalamu na karatasi.

Mlinzi asimame wapi?

Wengi hudhani inatosha kuweka uhakiki katika ukurasa wa kujiandikisha, ili kivinjari kimwonye mtumiaji papo hapo. Onyo hilo ni msaada mzuri kwa mtu mwaminifu aliyekosea. Kwa tapeli si kitu, kwa sababu kivinjari kiko mikononi mwake na anaweza kupeleka maombi bila ya kupitia ukurasa huo. Uhakiki wa kweli hufanyika katika seva, yaani kompyuta inayopokea maombi na kuhifadhi majina.

Vilevile nyumba yenye milango mitatu hailindwi kwa kufunga mmoja. Uhakiki ule ule utumike mtu anapojiandikisha, anapobadili jina lake, na orodha ya majina inapoingizwa kwa wingi kutoka katika daftari. Makosa mengi hutokea katika mlango wa pili: mtu hujiandikisha kwa jina la kawaida, kisha hulibadili kuwa "chama-malipo" siku ya pili.

Hatari ya kuzuia kupita kiasi

Tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza nusu ya jambo. Mlinzi anayemkataza mwizi na mwenye nyumba pia hafai.

Programu nyingi hutenga mwanzo "mod", ambao ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya msimamizi wa mazungumzo. Mtengenezaji akiandika amri kwamba kila jina linaloanza na "mod" likataliwe, basi dada yetu Modesta hataweza kujiandikisha, wala ndugu Modestus. Na majina hayo ni ya kawaida katika nchi yetu. Akitenga "chama", atawakataa watu wa ukoo wa Chama, jina ambalo wapenzi wa kandanda nchini wanalijua kutokana na Clatous Chama wa Zambia, aliyewahi kuichezea Simba. Akitenga "karani", atawakuta watu wanaoitwa Karani.

Hesabu inaweza kutupotosha hapa. Majina yote ya herufi nane yanayoweza kutungwa kwa herufi 26 ni 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Yanayoanza na "mod" ni 26 kwa kipeo cha 5, yaani 11,881,376. Hiyo ni sehemu moja tu kati ya 17,576, na mtu angeweza kusema kuwa hasara ni ndogo. Lakini majina ya watu hayatungwi kwa kurusha kete. Wazazi huchagua kutoka katika majina machache yanayojulikana, na mzigo wa amri hiyo humwangukia Modesta mzima mzima.

Mfano mwingine uko katika ardhi ya kusini yenyewe. Majina mengi ya mahali huanza na Na-: Nanganga, Nachingwea, Nanyumbu, Nanyamba, Nanguruwe, Naliendele, Nangurukuru. Sasa, katika lugha ya programu iitwayo C, kwa mujibu wa kanuni zake za mwaka 1999, ipo kazi inayosoma namba mwanzoni mwa maandishi. Kazi hiyo ikikuta herufi n, a, n, ziwe kubwa au ndogo, huzihesabu kuwa ni alama maalumu yenye maana ya "si namba". Ukiipa neno "Nanganga", huchukua "Nan" ikidhani imepata thamani ya kihesabu, na kuyaacha "ganga" yakining'inia. Mtengenezaji mvivu, akiona programu yake inayumba, angeweza kupiga marufuku majina yote yanayoanza na "nan", na hivyo kuwafungia nje watu wa Nanganga, Nanyumbu, Nanyamba, Nanguruwe na Nangurukuru kwa pamoja. Dawa sahihi ni kuishughulikia data ya jina kama maandishi na kamwe isipelekwe mahali panaposoma namba. Udhaifu wa programu hautibiwi kwa kuwanyima watu majina yao.

Mpaka wa neno

Njia ya kupunguza madhara hayo ni kuangalia mpaka. Mianzo mirefu ambayo haifanani na jina la mtu, kama "msimamizi", inaweza kukataliwa moja kwa moja. Mianzo mifupi, au iliyo pia majina ya watu, ikataliwe pale tu ambapo jina linakomea hapo, au mwanzo huo unafuatwa na kitenganishi au tarakimu. Matokeo yatakuwa kama ifuatavyo:

"mod" – hukataliwa, kwa kuwa ni neno zima.
"mod-nanganga" – hukataliwa, kwa kuwa kuna kistari baada ya mwanzo.
"mod7" – hukataliwa, kwa kuwa kuna tarakimu.
"modesta" – hukubaliwa.
"chama_malipo" – hukataliwa.
"juma.chama" – hukubaliwa.
"Msimamizi2" – hukataliwa baada ya kusanifiwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Katika nakala ya kulinganishia tumegeuza 1 kuwa i. Jina "mod1" hugeuka "modi", na mpaka wa tarakimu hupotea. Kwa hiyo ni lazima kulinganisha mara mbili: jina lililosanifiwa na nakala yake. Likinaswa popote kati ya hapo, hukataliwa.

Mti wa herufi

Orodha ikiwa na mianzo kumi, kompyuta inaweza kuipitia yote kwa kila jina. Ikiwa na maelfu, upo utaratibu bora zaidi unaoitwa mti wa herufi, ambao ulielezwa katika maandiko ya kitaalamu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwaka 1960. Shina halina herufi. Kutoka shinani yanatoka matawi: a, c, k, m na kadhalika. Kutoka tawi la m yanatoka o, kisha d, na hapo huwekwa alama ya "mwisho wa mwanzo uliotengwa". Kutoka m ile ile linatoka tawi la s, kisha i, m, a, m, i, z, i, na hapo huwekwa alama nyingine.

Jina linapofika, kompyuta hupanda mti herufi kwa herufi. "Modesta" hupita m, o, d, ikakuta alama, ikaangalia kinachofuata. Kwa kuwa ni herufi e, humwachia apite. "Asha" huanza na a, ambako huenda kuna tawi la d kwa ajili ya "admin", lakini hakuna la s, basi uchunguzi huishia hapo. Kwa hiyo kazi haizidi urefu wa jina lenyewe, hata orodha ikiwa ndefu kiasi gani. Ndivyo mtu anavyotafuta neno katika kamusi: haanzi ukurasa wa kwanza kila mara.

Mipaka ya kinga hii

Msomaji mwangalifu atakuwa ameona pengo. Ikiwa "juma.chama" linakubaliwa, basi "malipo.chama" nalo litapita, kwa sababu tunachunguza mwanzo peke yake. Tukianza kuchunguza kila kipande, tutamfukuza Juma. Hakuna orodha inayoweza kulimaliza tatizo hili, kwa sababu maneno ya kudanganyia hayana idadi.

Kwa sababu hiyo uhakiki wa mwanzo wa jina ni kinga ya kwanza, na haipaswi kuwa ya pekee. Madaraka ndani ya programu yasitokane na jina hata kidogo. Yaandikwe katika hifadhidata, mahali ambapo mtumiaji hafiki. Na mbele ya ujumbe wa kiongozi wa kweli seva iweke alama ambayo mtumiaji hawezi kuichapa mwenyewe, kwa mfano rangi maalumu au neno "Rasmi" nje ya nafasi ya jina. Hapo tunairudia hekima ya namba za magari: alama inayoaminiwa itolewe na mamlaka, isijitungiwe na mbebaji. Katika anwani za tovuti za Tanzania utaratibu huo upo tayari katika mwisho wa jina. Anwani zinazoishia na go.tz zimetengwa kwa taasisi za Serikali, na zinazoishia na sc.tz kwa shule.

Sheria nayo ina nafasi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Wananchi wameelekezwa kutuma namba za simu za matapeli kwenda 15040. Lakini sheria hufuata baada ya mkulima kupoteza fedha za msimu mzima, ilhali uhakiki mzuri humzuia tapeli kabla hajaandika neno la kwanza. Kijana anayejifunza kutengeneza programu leo, iwe Nachingwea, Ruangwa au kwingineko, ndiye atakayeamua jina gani lipite na lipi lisipite. Anabeba wajibu wa pande mbili: asimfungulie mlango "chama-malipo", na asimfungie Modesta.

Mazoezi

1. Katika kompyuta inayotumia Windows, jaribu kulipa folda jina CON. Nini kinatokea? Jina hilo lilitengwa tangu enzi za mfumo wa DOS kwa ajili ya kibodi na kioo cha kompyuta. Je, limetengwa kwa sababu ya watu au ya mashine?

2. Mianzo iliyotengwa ni mod, karani, chama na msimamizi. Chora mti wa herufi wake, kisha upitishe majina haya: modest, karani.3, CHAMA, chamazi, m0d_2.

3. Majina ya herufi nane yanayoanza na "admin" ni mangapi, iwapo herufi ni 26? Kwa nini jibu hilo halitoshi kutuambia kama ni salama kuutenga mwanzo huo?

4. Andika orodha ya majina ya wanafunzi wote wa darasa lako. Tafuta mwanzo mmoja wenye herufi tatu ambao ukitengwa bila kuangalia mpaka utawazuia wengi zaidi. Jadilianeni ni nani angepaswa kuamua kuhusu mwanzo huo.